Mtu usiyemjua akikutendea wema alafu akashuka zake, unamshukuruje?

Mama wa Bunju ameuliza:

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie mawazo, kuna kitu kimenikaa moyoni na baba mtoto ananiambia nakuza mambo, ila mi sioni kama nakuza.

Juzi nimepandia Makumbusho hapa Dar gari la Bunju, saa 12 jioni, mnajua pale palivyo muda huo, watu wanaingilia mpaka madirishani. Nina mwanangu wa miezi saba nimembeba kifuani, mkono mwingine nina kapu la sokoni, siti hakuna. Kufika Mwenge wakaongezeka wengine, nikabanwa mpaka nikawa sishiki bomba, nimesimama tu kwa kuwa hamna pa kuangukia. Dirishani kuna kijana kakaa, shati jeupe limenyooshwa vizuri, inaonekana anatoka kazini. Kati yangu na yeye kuna mama mtu mzima kapakata ndoo. Yule kijana asingeweza kunipisha hata angetaka maana pa kupita hapakuwepo. Akaniambia "dada nipe mtoto". Sijamuomba wala sijamuangalia kwa kumuomba. Basi mtoto akapitishwa juu ya kichwa cha yule mama akapokelewa kule, na yule mama bila hata kusema kitu akanivuta kapu akaliweka juu ya ndoo yake akalizungushia mikono.

Lugalo foleni ikasimama, joto, mtoto akacheua. Maziwa yote kwenye lile shati, kuanzia kola mpaka tumboni. Mi nikaanza jamani samahani kaka, samahani sana. Yule kijana akavuta ncha ya kanga yangu iliyokuwa inaning'inia, akamfuta mtoto mdomo kwanza, akamfuta na kwenye mikunjo ya shingo pale ambapo maziwa huwa yanaingia (na hapo nikajua huyu kashalea, ana mtoto au kalea wadogo zake), akamgeuza akamuweka begani akawa anampigapiga mgongo. Ndo baadae sana akakumbuka kujifuta yeye. Akasema tu "kashiba huyu". Mtoto akalala palepale.

Africana akanirudishia akashuka haraka haraka maana konda ameshagonga bodi. Nikasema asante kaka lakini na zile kelele sidhani kama alisikia. Yule mama wa ndoo nae alishuka mbele kidogo, nikamshukuru, akasema tu haya mwanangu.

Sasa swali langu. Mtu wa hivi simjui jina, simjui anakokaa, labda sitamuona tena, na alirudi kwao na shati linanuka maziwa. Je unamlipaje? Na nyie mkitendewa mnafanyaje, mnaacha tu ipite? Baba mtoto anasema ni kawaida ya Watanzania kushikiana watoto kwenye gari. Ni kweli ni kawaida, lakini kwa nini kitu kikiwa cha kawaida ndo kionekane hakina uzito?

---

Konda Mlangoni:

Dada hujakuza. Mi ni konda, miaka mingi sasa, ruti siitaji. Nyie mkiwa ndani mnaangalia simu au mnasinzia, mi nasimama mlangoni nawaangalia nyie wote kwahiyo naona vitu hamvioni. Mtu akisikia daladala anawaza matusi na kusukumana, na ni kweli vipo, ila hebu fikiria nauli tu. Gari limejaa siwezi kupita, mtu wa siti ya nyuma kabisa anatoa noti ya elfu 10, inapita kwa mikono ya watu wanne watano ambao hawajuani mpaka inanifikia, alafu chenji inarudi njia ileile, noti na sarafu, kila mtu anampa wa nyuma yake "mpe yule dada wa nyuma mwenye mtandio". Inafika kamili. Kila siku, kila tripu. Hamna anayeandika popote, hamna anayesimamia, na kelele za chenji ninazopigiwa mi nyingi ni kwamba sijarudisha kwa wakati, sio kwamba aliyepitishiwa kaichukua.

Kuhusu shukrani sasa, hapa naomba niseme ukweli wangu. Sisi tunaamka saa 9 usiku, gari litoke saa 10, hesabu ya tajiri mwenye gari inakusubiri hata kama mvua imenyesha na foleni imekula tripu mbili. Siku nzima neno unalosikia ni we konda we konda. Kuna mzee mmoja hupandia Tangi Bovu, kila akishuka lazima aseme "kazi njema mwanangu, mrudi salama", anamwambia na dereva kwa dirishani. Nakwambia siku akipanda huyo mzee jioni hata nikifika kwangu mke wangu anajua leo kuna kitu. Dereva wangu sio mtu wa maneno lakini akimuona stendi anasimamisha hata kama gari limeshaanza kuondoka. Kwahiyo ukiniuliza mi neno asante lina uzito gani kwa mtu usiyemjua, jibu langu ndo hilo.

---

Macho Mjini:

Samahani naomba nitoe upande wa pili na naomba msinishambulie. Mi siku hizi sishiki mzigo wa mtu. Stendi ya mabasi ya mkoani mtu anakwambia "kaka nishikie begi naenda msalani mara moja" haonekani tena, polisi wanapita na ukaguzi, begi lina bhangi au mirungi, unajielezaje? Jirani yangu yamemkuta, kesi ilimsumbua mwaka mzima mpaka akauza kiwanja. Na wapo wanaopewa biskuti safarini wanaamkia hospitali hawana kitu. Kwahiyo huu wema mnaousifia una watu wanaoutumia kama mtego, na ndo wanaotuharibia. Sio kwamba watu wamekuwa na roho mbaya, watu wameumizwa.

---

Konda Mlangoni:

Macho Mjini uko sahihi kuhusu begi la stendi na hata mi naungana na wewe. Mzigo ambao mwenyewe anaondoka anauacha, usiupokee, sema tu samahani mzee wangu siwezi. Lakini kapu la mama aliyesimama mbele ya magoti yako, yeye mwenyewe analiona na mkono wake uko juu yake, pale hamna mtego. Tusichanganye hivi viwili tukaja kumnyima mwanafunzi mahali pa kuweka begi lake. Watoto wa shule ndo wanaoumia zaidi humu kwenye magari, begi kubwa kuliko mgongo, anasukumwa huku na kule. Mtu mzima uliyekaa ukisema "lete begi mwanangu" imekugharimu nini.

---

Mwana Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu hadithi yako imenigusa wallahi. Mimi navuka feri kila siku kuenda kisiwani na nataka nikwambie ninachokiona pale. Bahari ikipwa, maji yakitoka, ile ngazi ya feri ya magari huwa na mteremko mkali, na wale jamaa wa mikokoteni huja na mizigo yao, mitungi ya maji, viazi, magunia ya mkaa, mtu mmoja au wawili wanasukuma. Kupandisha hawawezi peke yao. Hapo utaona watu waliovaa suti, vijana wa chuo, mabuibui, kila mtu anatia mkono kwa nyuma, moja mbili tatu, mkokoteni unapanda, kila mtu anapangusa mikono anaenda zake kuwahi matatu. Hakuna aliyeagizwa. Jamaa wa mkokoteni akifika juu hawezi kusimama kushukuru kwa maana nyuma yake kuna watu na magari, basi huinua mkono mmoja juu bila kugeuka. Sisi tunaujua ule mkono ni wetu.

Sasa wazee wetu wamesema tenda wema nenda zako, na naona ndivyo alivyofanya yule kijana. Lakini mimi naona watu wanaitumia hii methali vibaya. Methali ile inamuusia mtendaji asingoje malipo. Aliyetendewa hakuambiwa anyamaze! Wewe ukimtafuta kumshukuru huendi kinyume na wazee hata kidogo. Na kama humpati, muombee, mtaje kwa jina la "yule kijana wa shati jeupe", Mola anamjua.

---

Msomi wa Tabia:

Nimesoma saikolojia na hili swali la mama limefanyiwa utafiti kabisa, ngoja nieleze kwa lugha rahisi.

Kuna watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley. Mwaka 2018 walitoa utafiti kuhusu barua za shukrani, waliwaambia watu wamuandikie mtu aliyewahi kuwatendea jema, na kabla ya kutuma wakisie mpokeaji atajisikiaje. Alafu wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walikosea karibu kila kitu kwa upande mmoja. Walidhani mpokeaji ataona aibu au ataona ajabu, kumbe wapokeaji hawakuona hivyo kwa kiwango walichokiogopa. Na furaha yenyewe ilikuwa kubwa kuliko walivyokisia. Na kilichokuwa kinawasumbua waandishi ni kwamba je nitapata maneno mazuri, wakati mpokeaji hajali ufundi wa maneno, anachokiona ni kwamba mtu ameketi akamkumbuka.

Wa pili ulitoka 2022 na ndo unamhusu moja kwa moja yule kijana. Huko Chicago wakati wa baridi kuna uwanja wa kuteleza juu ya barafu, watu wakapewa kikombe cha chokoleti ya moto, wakaambiwa wanaweza kukibakiza wao au kumpa mtu yeyote pale wasiyemjua. Waliogawa wakaulizwa, unadhani huyu uliyempa kafurahi kiasi gani? Wakakisia chini. Wapokeaji walifurahi zaidi. Na sababu walioipata watafiti ni nzuri sana, aliyetoa anafikiria kitu alichotoa, yani kikombe tu cha chokoleti, bei yake ndogo. Aliyepokea anafikiria kwamba mtu asiyenijua kaniona mimi katikati ya watu wote hawa.

Kwahiyo mama, yule kijana akiwa kwao anafua shati hajui kabisa kama wewe hapa umeandika haya yote. Yeye anajua alishika mtoto kuanzia Mwenge mpaka Africana basi. Hapo ndo mi naona umuhimu wa kusema, na kusema kwa kutaja. Asante peke yake ni sawa, ila "asante kaka, mgongo ulikuwa unaniuma umenipumzisha" inampa picha ya kitu alichokifanya ambacho yeye hakioni.

---

Boda Kirumba:

Mi sio msomi ila hapo kwa aliyetenda kutojua naomba niongeze. Niko Mwanza naendesha boda. Kuna usiku nilisimamishwa na mama mjamzito, uchungu umeshamshika, yuko na mdogo wake wa kike tu wanalia njiani. Bajaji hamna, gari hamna. Nikawapakia wote wawili, nikaenda taratibu mno, kila tuta nasimama kwanza, mpaka hospitali. Pesa sikudai, nani atadai pesa pale. Wakaingia nikarudi kijiweni.

Sasa kitu ambacho watu hawajui, mi nilikaa na ile kitu kichwani muda mrefu sana. Nikipita ile barabara najiuliza yule mama alijifungua salama? Mtoto alipona? Yale matuta hayakumdhuru? Kwenda kuuliza hospitali siwezi, nitasema mi ni nani yake, hata jina silijui. Miezi imepita, siku moja yuko mtu kijiweni anaulizia boda mwenye helmeti ya kijani iliyochanika, wenzangu wakaniita. Ni yeye na mtoto wa kiume mgongoni. Hakuleta hela wala nini, alisema tu "nimekuja akuone". Nilimshika yule mtoto nikashindwa kuongea mbele ya washkaji.

Kwahiyo dada shukrani sio heshima tu, ni taarifa. Aliyekusaidia nae anabaki na maswali yake. Ukiweza kumtafuta mtafute, panda gari la muda uleule, uliza konda wa ile ruti, watu wa jioni huwa ni walewale.

---

Mama wa Bunju:

Jamani nimesoma yote. Boda umeniliza, na konda huyo mzee wa Tangi Bovu natamani nimuone. Macho Mjini mi sijakuchukia hata, mume wangu nae ndo anavyosemaga kuhusu mabasi ya mikoani na ni kweli tupu.

Nitajaribu muda uleule wiki hii kama ushauri ulivyotolewa. Ila nikimkosa? Ndo bado nauliza, maana nina uhakika wapo wengine humu ambao aliyewasaidia hawatampata kamwe.

---

Nesi wa Zamu:

Mama wa Bunju nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, nilikuwa nasoma tu nilale lakini swali lako la mwisho limenikalisha.

Mi nipo wadi ya wazazi. Mtu ambaye mgonjwa hawezi kumpata kamwe mi namshika mkononi karibu kila zamu, yuko kwenye mfuko wa damu. Mama akishajifungua akatokwa na damu nyingi hatuna dakika za kucheza, tunakimbia maabara, tunaletewa mfuko una kama mililita 450. Pale juu kuna karatasi, imeandikwa kundi la damu, namba, tarehe iliyotolewa na tarehe ya kuisha muda. Jina hamna. Tunasoma wawili kwa sauti tunalinganisha na faili la mgonjwa, alafu tunaitundika. Nawaambia ukikaa pale ukaangalia rangi inarudi kwenye midomo ya mtu, kucha zinaanza kuwa za pinki tena, anafungua macho anauliza mtoto wangu yuko wapi. Na aliyetoa ile damu saa hiyo yuko zake anauza duka, au yuko darasani. Alitoa akanywa soda yake na biskuti akaenda zake.

Wagonjwa wengi wakipata nafuu huwa wanatuuliza, hii damu ni ya nani nikamshukuru? Hatuwezi kuwaambia. Na sisi ndo tunaoshukuriwa kwa niaba ya mtu hatumjui, tunaletewa mpaka ndizi.

Humohumo wadini naona mengine madogo. Mama katoka mbali hana ndugu hapa Dar, mwenye kitanda cha pembeni kaletewa hotpoti ya uji na mama mkwe wake, yule mama mkwe anamimina vikombe viwili. Hajaulizwa. Kesho yake unamkuta anafua kanga za wote wawili. Wakiruhusiwa wanapeana namba wanaachana wanalia.

Sasa mi kwa swali lako naona hivi, nenda kwenye kituo cha damu salama ukatoe. Yule kijana humpati, na atakayepata ile damu hatakupata wewe. Sharti ni uwe na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, na uwe mzima. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Damu inapimwa UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende kabla haijaenda kwa mtu. Na mjue haihifadhiki milele, chembe nyekundu zinakaa wiki chache tu, chembe sahani (zile za kugandisha damu) ndo siku tano hivi, kwahiyo waliotoa mwezi wa Juni siku ya wachangia damu hawawezi kutusaidia Septemba. Shule zikifungwa ndo tunabanwa sana maana wanafunzi ni wachangiaji wetu wakubwa.

---

Mwana Likoni:

Nesi Mola akuzidishie. Hapa kwetu pia hali ni hiyohiyo, mtu akilazwa ndugu ndio wanaanza kutafutana kwa simu. Mimi nilikuwa sijawahi, keshokutwa nina nafasi, inshallah naenda.

---

Mama wa Bunju:

Nesi asante sana, na pole na zamu. Mi nakaribia kilo 60, ila bado nanyonyesha. Naweza kutoa?

---

Nesi wa Zamu:

Hapana mama, ukinyonyesha usitoe. Subiri mpaka umwachishe mtoto na miezi kadhaa ipite mwili urudi vizuri, ule mboga za majani, maharage, dagaa, maini ukipata, maana kunyonyesha kunachukua mengi mwilini. Mtume baba mtoto kwa sasa. Asije na njaa, anywe maji ya kutosha, na asiwe ametoka kukesha.

---

Mama wa Bunju:

Nimempa simu amesoma yote kuanzia juu mpaka hapa. Amesema jumamosi baada ya kazi, na anauliza kituo kinafungwa saa ngapi.